Baada ya upasuaji wa uvimbe wa ubongo: namna ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake akiwa nyumbani Kigoma au Tabora

Siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka wodini Muhimbili, Bugando au Dodoma, kazi kubwa ya daktari wa upasuaji imekwisha, na kazi ya ubongo wenyewe ndiyo inaanza. Uvimbe umetolewa na fuvu limefungwa, lakini mkono wa kulia haunyanyuki, au maneno hayatoki, au mguu unaburuzwa. Mwongozo huu ni wa ndugu watakaompokea mgonjwa huyo Ujiji, Kasulu, Urambo au Nzega, ambako mtaalamu wa mazoezi tiba yuko mbali na wa matatizo ya usemi ni vigumu kumpata. Vifaa vingi vinavyohitajika vimo ndani ya nyumba: kikombe, karanga, kanga, kioo, kiti. Kinachotakiwa ni kujua ufanye nini, mara ngapi, na lini uache mazoezi umkimbize mgonjwa hospitali.

Ubongo unajipanga upya wapi, na wapi haujipangi

Mwaka 1861 daktari wa Paris, Paul Broca, alieleza habari za mgonjwa aliyepoteza usemi kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo wake, upande wa kushoto, ilikuwa imeharibika. Tangu hapo madaktari wengi walifundishwa kwamba kila kazi ina eneo lake lisilohama. Upasuaji wa wagonjwa walio macho, aliouendeleza Wilder Penfield kule Montreal miaka ya 1930 kwa kuugusa ubongo na umeme mdogo, ulitupatia ramani ya maeneo hayo. Baadaye wapasuaji kama Hugues Duffau wa Montpellier, Ufaransa, wakaonyesha kwamba ramani hiyo hubadilika. Wapo wagonjwa ambao eneo la Broca limeliwa na uvimbe na bado wanaongea. Uvimbe wao ulikua taratibu kwa miaka, na ubongo ukapata muda wa kuihamishia kazi ya usemi jirani.

Ndiyo maana ukubwa wa uvimbe peke yake hautabiri hali ya mgonjwa baada ya upasuaji. Uvimbe mkubwa uliokua polepole unaweza kutolewa mtu akatoka anatembea, na mdogo uliokua haraka, au ulio ndani sana, ukamwacha amepooza upande mmoja.

Uwezo huo una mpaka, na mpaka wenyewe lazima uujue. Gamba la nje la ubongo hubadilishana kazi kwa urahisi kuliko njia za ndani zinazounganisha sehemu na sehemu. Mtu wa Tabora ataelewa kwa reli: jengo la stesheni likibomoka, tiketi zitauzwa hata chini ya mwembe na safari itaendelea, lakini reli ikichukuliwa na maji, treni haifiki, hata stesheni iwe nzuri namna gani. Mpasuaji makini huacha kipande cha uvimbe kinachogusa njia hizo, kwa sababu zikikatwa, mazoezi hayawezi kuziunganisha. Kwa hiyo ukiambiwa "tumebakiza kidogo", usidhani kazi imefanywa nusu. Mara nyingi kidogo hicho ndicho kilichookoa mkono au usemi.

Kuna hali moja inayotisha familia bila sababu. Uvimbe ukitolewa juu, karibu na katikati ya kichwa, mbele kidogo ya eneo linaloendesha viungo, mgonjwa anaweza kuamka haongei na upande mmoja hausogei kabisa. Ndugu huanza kulia wakiamini upasuaji umeharibika. Ikiwa njia za ndani zilibaki salama, mgonjwa wa namna hii huanza kurudi baada ya siku au wiki chache, na wengi huwa wamerudi vizuri ndani ya miezi mitatu hivi. Kabla ya kuondoka wodini muulizeni daktari waziwazi: je, udhaifu huu ni wa namna hiyo, au njia ya mwendo iliguswa? Jibu lake ndilo litakaloamua mtegemee nini.

Kama upasuaji bado na mmeambiwa mgonjwa atapasuliwa akiwa macho, msiogope. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Ngozi na utando wa juu hupigwa ganzi. Mgonjwa huhesabu au hutaja majina ya picha, na panapogusishwa umeme usemi ukakatika, mpasuaji hapakati. Jambo moja ni la ninyi kusema mapema: lugha anayoitumia. Mama aliyeishi Kiha au Kinyamwezi maisha yake yote asipimwe kwa Kiswahili peke yake, maana akikwama kwenye neno la Kiswahili haitajulikana kama ni umeme au ni neno asilolizoea.

Kabla ya kuondoka wodini

Chukueni muhtasari wa matibabu, picha zote za CT-scan na MRI pamoja na CD yake, ratiba ya dawa iliyoandikwa, tarehe ya kutoa nyuzi, na maelezo ya lini na wapi majibu ya kipande cha uvimbe yatapatikana. Majibu hayo ndiyo yatakayosema uvimbe ni wa aina gani na wa daraja gani, 1 hadi 4, la 4 likiwa kali kuliko yote. Bila hayo hakuna anayeweza kuwaambia kama mionzi inahitajika. Nyuzi hutolewa kwa kawaida kati ya siku ya 7 na ya 14, na kazi hiyo inaweza kufanyika hospitali ya Kitete (Tabora), Maweni (Kigoma) au kituo cha afya kilicho karibu. Msirudi Dar es Salaam kwa ajili ya nyuzi tu.

Msikate tiketi ya ndege bila kumuuliza mpasuaji, maana baada ya fuvu kufunguliwa hewa huweza kubaki ndani, na ndege ikipaa hewa hiyo hutanuka. Kwa basi, kaeni viti vya mbele ambako mitikisiko ni michache, mgonjwa ashuke atembee kila basi linaposimama ili damu isigande miguuni, na dawa zikae kwenye mkoba mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye buti. Treni ina faida moja: behewa la kulala humpa nafasi ya kujinyoosha.

Dawa: hapa ndipo wengi wanapoteleza

Deksamethasoni hupunguza maji yanayojaa kuzunguka jeraha la ubongo. Inywewe baada ya chakula, asubuhi na mchana; ikinywewa usiku mgonjwa hatalala. Hupunguzwa ngazi kwa ngazi kama ilivyoandikwa. Mtu aliyeitumia kwa wiki kadhaa akiikata ghafla, mwili uliokwisha kuacha kutengeneza homoni yake unabaki mtupu: analegea, anatapika, presha inashuka, na anaweza kufa. Akianza kuwa na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, apimwe sukari. Mapaja yote mawili yakidhoofika akawa hawezi kuinuka kwenye choo cha kuchuchumaa, mara nyingi ni dawa hiyo hiyo inayokula misuli, si lazima uvimbe umerudi, daktari aambiwe. Na mtu aliyezoea kulima au kutembea peku aulizie dawa ya minyoo, kwa sababu kuna minyoo midogo inayoingilia ngozi ya miguu, na deksamethasoni huipa nafasi ya kusambaa mwili mzima.

Dawa za kifafa huachwa kwa amri ya daktari tu. "Hajapata degedege mwezi mzima" maana yake dawa inafanya kazi. Nunueni akiba ya wiki mbili kabla haijaisha, kwa kuwa duka la dawa la wilayani linaweza kukosa, na dozi zilizokosekana ni sababu kubwa ya degedege kurudi.

Kigoma na Tabora ni mikoa yenye malaria nyingi, na hapo pana mtego. Fenitoini na kabamazepini, ambazo ni dawa za kifafa, hulifanya ini livunje dawa mseto ya malaria haraka, kiasi kwamba kiwango kinachobaki kwenye damu kinaweza kisitoshe kuua vijidudu. Levetirasetamu, nayo ya kifafa, haina tatizo hilo. Kila mnapokwenda kupima malaria, mwonyesheni mtoa dawa kasha la dawa ya kifafa kabla hajaandika chochote, naye aamue matibabu yapi na ufuatiliaji gani. Msiache kutibu malaria, wala msiache dawa ya kifafa. Mtego wa pili ni homa yenyewe. Kipimo cha malaria kikionyesha vijidudu, bado homa inaweza kuwa inatoka kwenye kidonda au kwenye utando wa ubongo. Homa katika wiki za kwanza baada ya upasuaji, hasa ikiwa na shingo ngumu au kidonda kilichovimba, ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Degedege likija, mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, legezeni kola, na mtu mmoja atazame saa. Msimtie kijiko mdomoni wala msimshikilie kwa nguvu. Likipita dakika tano, au likifuatiwa na jingine kabla hajazinduka, tafuteni usafiri mara moja. Kwa kipindi chote cha hatari hiyo hakuna kuendesha pikipiki, hakuna kupanda mwembe, hakuna kwenda ziwani na mtumbwi au kuoga ziwani peke yake, na hakuna kupika peke yake kwenye mafiga.

Mkono

Mkono dhaifu hufa kwa kuachwa. Mgonjwa hugundua upesi kwamba mkono mzima unamaliza kazi haraka, basi anautumia huo kwa kila kitu. Ubongo nao, usipoombwa kuuendesha mkono dhaifu, hauutengei nafasi. Edward Taub, mtafiti wa Marekani, alijenga tiba juu ya jambo hilo: mkono mzima unafungwa ili ule dhaifu ulazimike. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006 kwa watu waliopata kiharusi, walivaa glovu kwenye mkono mzima kwa asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, kwa wiki mbili. Hii inamfaa mtu ambaye mkono dhaifu una uhai kidogo: kiganja kinainuka kwenye kifundo digrii 20 hivi, na vidole vinafunguka digrii 10. Nyumbani, mvisheni soksi nene mkono mzima saa mbili hadi tatu kwa siku, wakati wa mazoezi na wa kula. Ivuliwe anapotembea, anapooga, na karibu na kitu cha moto.

Wingi wa marudio ndio unaoamua. Watafiti wa Marekani waliohesabu mwaka 2009 mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi walikuta wastani wa marudio 32 tu ya kazi halisi za mkono kwa kipindi kimoja cha tiba, ilhali wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kubadilika walifanya mamia. Kwa hiyo kliniki mara moja kwa wiki haitoshi hata iwe nzuri vipi. Anzeni na marudio 50 kwa siku, pandeni hadi 300 yakigawanywa katika kazi mbalimbali, asubuhi na jioni. Tumieni visoda kuhesabia: kila rudio moja, kisoda kimoja kinaingia bakulini.

Chagueni kazi ambazo mtu huyo alikuwa nazo. Mama wa Tabora abambue karanga, akunje kanga, achambue maharage. Mvuvi wa Kibirizi achambue dagaa, afunge na kufungua kamba. Kubana mpira kwa saa nzima, jambo linaloshauriwa sana mitaani, kunaimarisha kufumba ambako kwa kawaida hakuna shida, na kunaacha kufumbua, ambako ndiko kuna shida. Mimi ningeutupa mpira huo.

Tuchukue kikombe, tukitazame kwa karibu. Mgonjwa akae kwenye kiti kigumu, nyayo zote chini, meza ikiwa usawa wa kiwiko. Pitisha kanga kifuani mwake na nyuma ya kiti, uifunge bila kumbana, ili asiufikie mkono kwa kuinama na kiwiliwili. Weka kikombe cha plastiki chenye maji robo, sentimita 20 mbele yake. Mwambie: "Baba, fungua vidole kwanza, ndipo usogeze mkono." Angalia bega: likipanda kuelekea sikioni, anaiba kazi ya kiwiko, liguse kwa kiganja chako alishushe, arudie. Kidole gumba kikae upande wake na vidole vinne upande wa pili. Ainue kikombe sentimita tano, ahesabu hadi tatu, akirudishe mezani, na aachie. Kuachia ndiko kugumu, mpe muda. Usimfumbue vidole wewe mpaka amejaribu hadi mwisho. Akifaulu mara tisa kati ya kumi, ongeza maji au sogeza kikombe mbali zaidi. Akishindwa zaidi ya nusu, punguza: kikombe kitupu, au chepesi zaidi. Kazi isiyomshinda hata kidogo haimfundishi kitu, na inayomshinda kila mara inamkatisha tamaa.

Mkono usiosogea kabisa una kioo. Nunua kioo cha kama sentimita 40 kwa 50, kisimamishe mezani katikati ya mikono yote miwili, uso wake ukitazama mkono mzima; mkono dhaifu ukae nyuma yake, usionekane. Vua pete na saa. Mgonjwa aangalie kioo peke yake, afungue na kufunga ngumi ya mkono mzima, ageuze kiganja, aguse gumba kwa kila kidole, huku akiuamuru mkono uliofichwa ufanye vivyo hivyo. Dakika 15, mara mbili kwa siku. Macho yanaona mkono dhaifu "unasogea", na maeneo ya mwendo yanaamshwa. Tiba hii ilithibitishwa zaidi kwa kiharusi, lakini haina madhara na inagharimu bei ya kioo.

Msimvute kwa mkono dhaifu kumwinua, hata siku moja. Misuli ya bega imelegea, na mfupa hushuka kutoka kwenye tundu lake; maumivu yake yatayafuta mazoezi yote ya miezi miwili. Mshikeni kiunoni, au kwa kanga iliyofungwa kiunoni. Akiketi, mkono ukae juu ya mto. Vidole vikikaza, vinyoosheni pole pole, shikilia nusu dakika hadi dakika nzima, na kucha ziwe fupi. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima, maana ule mwingine unaweza kuungua bila kuhisi.

Mguu

Zoezi lenye faida kuliko yote ni kuinuka kwenye kiti. Kiti kisimame ukutani, nyayo zivutwe nyuma kidogo ya magoti, pua ipite mbele ya vidole vya miguu ndipo anyanyuke. Arudi chini taratibu bila kujitupa. Mara 10, mizunguko mitatu, mara mbili kwa siku, msaidizi akisimama upande dhaifu. Mgonjwa akiweka uzito wote kwenye mguu mzima, sogeza mguu mzima mbele kidogo ili ule dhaifu ulazimike kubeba. Fimbo ishikwe mkono mzima. Kandambili ziwekwe pembeni kabisa. Avae viatu vilivyofungwa nyuma.

Usemi

Kwa wanaotumia mkono wa kulia, usemi hukaa upande wa kushoto wa ubongo karibu wote. Kabla ya kufundisha, tambua ni tatizo gani. Yupo anayeelewa kila kitu lakini maneno yanatoka kwa taabu, moja moja. Yupo anayeongea mfululizo maneno yasiyo na maana na haelewi anachoambiwa, hali aliyoieleza Carl Wernicke mwaka 1874. Wa kwanza asaidiwe kutoa. Wa pili asaidiwe kuelewa kwanza, kwa sentensi fupi, ishara za mkono na kitu chenyewe kikionyeshwa.

Pima kama "ndiyo" na "hapana" zake ni za kweli. Muulize mambo matano unayoyajua: "Mama, hapa ni Kasulu? Mimi ni mwanao wa kwanza?" Akikosea mawili, msiamini kichwa kinachotikiswa anapoulizwa kama ana maumivu; tumieni picha, au mkono wake kuonyesha panapouma.

Kwa anayetoa maneno kwa taabu, kuimba ni mlango. Wengi wasioweza kusema "naomba maji" wanaweza kuimba wimbo wa kanisani au kaswida mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo hubeba sehemu kubwa ya uimbaji. Huko Boston mwaka 1973 ilitangazwa tiba iliyojengwa juu ya hilo, nayo hufanyika hivi. Kaeni mkitazamana, shika mkono wake wa kushoto. Chagua sentensi fupi anayoihitaji: "naomba maji", "niende choo", "njaa inauma". Kwanza uivume kwa mdomo uliofumba, ukigonga mkono wake mezani mara moja kwa kila silabi. Kisha iimbe kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, sauti ya juu ikiangukia silabi ya pili kutoka mwisho, pale Kiswahili kinapoweka mkazo: na-O-mba MA-ji. Mwimbe pamoja mara kumi. Halafu wewe unyamaze katikati, amalize. Akiweza, mwulize, "Unataka nini?" ajibu kwa kuimba, na siku zinavyokwenda mshushe wimbo uwe usemi wa kawaida. Dakika 20 hadi 30 kila siku, sentensi tatu kwa wiki, si kumi.

Akitafuta neno, hesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kumsaidia. Kisha mpe mwanzo wa sentensi: "Nataka kunywa ma..." Ikishindikana, sema neno lote, arudie mara tatu, muendelee. Zima redio, na aongee mtu mmoja kwa wakati. Fundisha kwa lugha ya nyumbani kwake. Kama ni Kiha, wimbo uwe wa Kiha. Na watoto waendelee kumwamkia shikamoo, wageni wamsalimie yeye mwenyewe badala ya kumuuliza mwanawe "anaendeleaje?" huku yeye yupo. Heshima hiyo humpa sababu ya kujaribu kujibu.

Upande usioonekana, na kumeza

Mgonjwa aliyepasuliwa upande wa kulia wa ubongo anaweza kula nusu ya kulia tu ya sahani na kugonga miimo ya mlango kwa bega la kushoto. Macho ni mazima; ubongo ndio unaousahau upande huo. Kaa kushoto kwake unapozungumza naye. Bandika kitambaa chekundu ukingo wa kushoto wa meza au wa Biblia au msahafu, na kabla ya kila mstari au kila tonge ageuze kichwa mpaka akione. Lakini kengele, simu na maji ya kunywa viwe kulia mpaka aanze kupata upande wa kushoto.

Kumeza kupimwe kabla ya mlo wa kwanza nyumbani: akae wima, ameze kijiko kimoja kidogo cha maji, aseme "aaa". Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, maji yanaelekea kwenye mapafu. Mpeni uji mzito, kijiko kidogo kidogo, kidevu kikiinama kuelekea kifuani, na aendelee kukaa wima nusu saa baada ya kula. Kisha aonwe na daktari.

Uchovu

Ubongo unaojipanga upya huchoka haraka na hujifunza ukilala. Fanyeni mazoezi kwa vipande vya dakika 20, kisha apumzike. Usingizi wa mchana si uvivu. Hasira za ghafla au kukosa hamu ya kitu chochote, hasa uvimbe ulipokuwa mbele, ni matokeo ya jeraha. Zichukulieni hivyo na msizifanye ugomvi wa ndoa.

Lini uache mazoezi

Baada ya upasuaji wa uvimbe, mgonjwa anatakiwa kupanda au kubaki pale pale. Kushuka kuna sababu ya kitabibu, na sababu hiyo haipo kwenye uvivu wala kwenye kurogwa. Mkono uliokuwa unashika kikombe ukiacha kushika, angalia kwanza kama deksamethasoni imepunguzwa siku hizo, kama degedege lilipita usiku (baada ya degedege udhaifu unaweza kudumu saa kadhaa hadi siku moja au mbili), na kama ana homa. Vyovyote iwavyo apelekwe. Hazingoji kesho: kichwa kinachouma zaidi alfajiri pamoja na kutapika, usingizi mzito usioamshika, maji yasiyo na rangi yanayotoka kwenye kidonda au puani, usaha, mguu mmoja uliovimba na kuuma, na kukosa pumzi ghafla.

Mionzi, kliniki na daftari

Uvimbe wa daraja la 4 kwa kawaida hupigwa mionzi vipindi 30, siku tano kwa wiki, yaani wiki sita mgonjwa na msaidizi wakikaa Dar es Salaam karibu na hospitali ya saratani ya Ocean Road, au Mwanza kwa Bugando. Pangeni malazi kabla ya safari, na kama uwezo ni mdogo muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, mkiwa na barua ya rufaa, maana utaratibu wa msamaha huchukua muda. Mazoezi yaendelee hata wakati wa mionzi, kwa marudio machache. Uvimbe wa daraja la 1 uliotolewa wote mara nyingi huhitaji picha za ufuatiliaji tu. Wa madaraja ya juu hupigwa picha mara kwa mara, mara nyingi kila miezi mitatu mwanzoni. Picha za zamani ziende kila safari, zikiwa bapa ndani ya bahasha ngumu mahali ambapo paa halivuji.

Kila Jumapili, saa ile ile, andikeni daftarini namba tatu: visoda vingapi mkono dhaifu umehamisha kutoka bakuli hadi bakuli kwa sekunde 60, mara ngapi ameinuka kwenye kiti kwa sekunde 30, majina mangapi ameyataja kati ya picha zile zile 20. Andikeni pia dozi ya kila dawa ya wiki hiyo na degedege lolote. Namba ikishuka Jumapili mbili mfululizo bila homa wala ugonjwa mwingine, msisubiri tarehe ya kliniki. Pigeni simu hospitali iliyompasua, msome namba hizo, na mwombe aandikiwe CT-scan ya haraka Kitete au Maweni.